Mwalimu Hodari Apewe Darasa la Kwanza

(Hotuba kwenye kikao cha wadau wa elimu wa wilaya, mbele ya walimu wakuu, maafisa elimu kata na wenyeviti wa kamati za shule.)

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Ndugu Afisa Elimu, walimu wakuu, maafisa elimu kata, wenyeviti wa kamati za shule, wazazi wenzangu. Wazee wangu, shikamooni. Itifaki nimeizingatia, na niliyemruka anisamehe, maana nimepewa nusu saa na harufu ya pilau inafika mpaka hapa mbele.

Nimeombwa nizungumzie ubora wa mwalimu na ufaulu wa mwanafunzi. Kwa juu juu hakuna mjadala: mwalimu akiwa mzuri, mtoto anafaulu. Tukiishia hapo tunaweza kwenda kula. Mimi nina jambo moja ambalo litawaudhi baadhi ya walimu wakuu, na nalisema mapema ili mpate muda wa kununa. Tunawapanga walimu wetu kinyumenyume. Mwalimu hodari kuliko wote shuleni tunampa darasa la saba. Anayebaki ndiye tunayempeleka darasa la kwanza.

Nimekuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa shule, na cheo kilipobadilishwa jina nikastaafu nikiitwa mthibiti ubora. Nimekaa madawati ya nyuma ya madarasa mengi, magoti yakigusa kidevu. Ukifika shuleni ukauliza darasa la saba hisabati anafundisha nani, mwalimu mkuu anakutajia jina kwa fahari. Ukiuliza la kwanza, utaambiwa: "Kuna kijana kariporti juzi," au "Kuna mama mmoja anakaribia kustaafu," au, kwa sauti ya chini, "Yule ana matatizo kidogo, tumeona akae kule." Kule! Kana kwamba darasa la kwanza ni karantini. Simdharau mama anayekaribia kustaafu. Baadhi ya walimu wazuri kuliko wote niliowaona ni akina mama hao. Lakini hakuwekwa pale kwa sababu ni mzuri. Aliwekwa pale apumzike.

Sasa niwaeleze ninachokiita ubora, maana neno hili tunalitumia sana kwenye taarifa mpaka limechuja.

Nilikaa kwenye darasa la pili moja, kipindi cha kusoma. Mtoto akasimama, akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Mwalimu akasema apigiwe makofi ya kilo, akapigiwa. Andalio la somo lilikuwepo, zana zilikuwepo ukutani, mwalimu kavaa vizuri. Kwa fomu yangu ya ukaguzi, somo lile lilikuwa zuri. Baadaye nikamwita yule mtoto, nikaufunika ukurasa kwa kiganja nikaacha neno moja tu la katikati: ndizi. Akanyamaza. Kisha nikaona midomo yake inacheza. Alikuwa ameanza upya kutoka sentensi ya kwanza, kimoyomoyo, anahesabu mpaka afike kwenye neno langu. Akalifikia. "Ndizi!" Jibu sahihi kabisa.

Mtoto yule hakuwa anasoma. Ana kumbukumbu nzuri, pengine kuliko sisi sote humu, na kumbukumbu hiyo ndiyo iliyomficha kwa miaka miwili. Angefika la nne kitabu kinakuwa kinene, hawezi tena kukimeza chote, na mwalimu wa la nne angesema, "Huyu zamani alikuwa na akili, sijui kimempata nini."

Shule nyingine, si mbali na hapo, nilimkuta mwalimu mwenye boksi la karatasi za silabi alizozikata mwenyewe kwenye makatoni ya dukani. Alikuwa anazichanganya kama mtu anayechanga karata. Anapanga ka na ti: watoto wanasoma "kati". Anaongeza ma mbele: wanasita kidogo, "makati". Halafu akapanga ti, ma, ka. Wakasoma "timaka", darasa zima likaangua kicheko. "Mwalimu, hiyo siyo neno!" Yule mama akanitazama kwa jicho la pembeni. Nikamwelewa. Mtoto hawezi kucheka neno ambalo halipo kama hajalisoma. Kicheko kile kilikuwa ndio mtihani wake, na kilichukua sekunde kumi, na alijua ni nani hawakucheka.

Mwalimu huyo huyo alikuwa na watoto waliolelewa kwa Kisukuma, lugha isiyo na sauti ya r. Mtoto anaona "rafiki", anasoma "lafiki". Mwalimu asiyejua anaona kosa la kusoma, na kiboko kipo karibu. Yeye alijua kwamba mtoto amesoma sawasawa, ila ulimi ndio umejibu kwa lugha ya nyumbani. Anamwacha amalize sentensi, sauti ya r atairudia na wote kwa wimbo. Lakini mtoto anayesoma "ngoma" mahali palipoandikwa "ng'ombe", huyo anamsimamisha hapo hapo, kwa sababu huyo hasomi, anabahatisha kwa herufi mbili za mwanzo. Makosa mawili, tiba mbili. Cheti chake ni cha Daraja A. Kuna wenye shahada wasioweza kuzitofautisha.

Hisabati ni hivyo hivyo. Ubaoni kumeandikwa 42 kutoa 17. Mtoto wa kwanza anaandika 35. "Kosa. Nani mwingine?" Wa pili anaandika 35. "Kosa. Mwingine?" Wa tatu anaandika 25, makofi ya kilo, tunaendelea. Ndugu zangu, watoto wawili wakileta kosa moja lenye namba ile ile, hawajakosea kwa bahati. Wana kanuni. Wameona 2 toa 7 haiwezekani, wakageuza, 7 toa 2 ni 5. Kisha 4 toa 1 ni 3. Wanajua kutoa. Wasichojua ni kwamba ile 4 ni mafungu manne ya kumi, na fungu moja linaweza kufunguliwa. Mwalimu anayejua kazi yake anauliza, "Hebu nieleze ulivyofanya," anachukua vijiti, anafungua fungu moja mbele ya macho yao, na watoto wawili, pengine thelathini waliokaa kimya na 35 yao kwenye daftari, wanapona siku hiyo. Asiyejua anasema "kosa", na ile 35 inaandamana nao mpaka kidato cha pili.

Hicho ndicho ninachokiita ubora: kujua mtoto amekosea wapi na kwa nini, na kuwa na cha kufanya dakika hiyo. Nidhamu, mavazi na andalio la somo vina nafasi yake. Sivibezi, nimevikagua nusu ya maisha yangu. Lakini unaweza kuvipata vyote na mtoto asisome.

Sasa niwape hesabu ambayo naomba muifanye nami kwa kalamu.

Matokeo ya kidato cha nne ya Tanzania ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, mnayakumbuka. Watahiniwa takriban sita kwa kila kumi walipata sifuri. Nchi ilitikisika. Tume ikaundwa, matokeo yakapangwa upya. Tukalaumu viwango vya alama, tukalaumu shule za kata zisizo na maabara, tukawalaumu walimu wa voda fasta, wale vijana waliotoka kidato cha sita wakapewa mafunzo ya wiki chache wakapelekwa kufundisha sekondari. Lawama zote hizo zina ukweli ndani yake. Na Kiingereza kilichowapokea kidato cha kwanza baada ya miaka saba ya Kiswahili, hicho ni hotuba nyingine.

Lakini hesabuni. Aliyefanya mtihani wa kidato cha nne 2012 bila kurudia darasa, kidato cha kwanza aliingia 2009. Darasa la saba alimaliza 2008. Darasa la kwanza aliingia lini? Januari 2002.

Mwaka 2002 ndio mwaka wa kwanza wa MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imefutwa mwaka uliotangulia, na watoto walimiminika, wa miaka saba na wa miaka kumi na mbili darasa moja. Nilikuwepo, na wengi wenu mlikuwepo. Ilikuwa furaha kubwa, na siwezi kuiita makosa. Madarasa yalijengwa baadaye kwa nguvu za wananchi. Lakini mwalimu wa la kwanza mwaka ule alisimama mbele ya watoto mia na ushee, wengine chini ya mwembe, na kwa kawaida hakuwa mwalimu mwenye mbinu kuliko wenzake, kwa sababu huyo alikuwa na darasa la saba. Tulipokuwa tunatafuta mchawi wa sifuri kwenye sekondari mwaka 2013, sikumsikia mtu akiuliza ni nani aliyewafundisha watoto wale silabi.

Si mimi tu ninayewaza hivi. Watafiti wa mpango wa Uwezo walipoanza kupita nyumba kwa nyumba kupima watoto mwaka 2010, walikuta takriban watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu ndio walioweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Na mwaka 2012 serikali yenyewe ilikiri kuwapo wanafunzi wa kidato cha kwanza wasiojua kusoma na kuandika. Walifikaje huko? Mtihani wa kuchagua herufi, na kumbukumbu nzuri.

Kalamu bado mnazo? Elimu bila malipo ilianza Januari 2016, na darasa la kwanza likafurika tena. Mtoto wa la kwanza wa 2016 ni mtahiniwa wa kidato cha nne wa 2026. Safari hii tulikuwa na kitu ambacho 2002 hatukuwa nacho: mtaala wa la kwanza na la pili ulikuwa umebadilishwa mwaka 2015 ukaelekezwa kwenye KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, na walimu wengi wa madarasa hayo walipelekwa mafunzoni. Nilihudhuria baadhi ya mafunzo hayo na yalikuwa mazuri. Kisha likizo ikaisha, na kwenye shule kadhaa mwalimu aliyefunzwa KKK akahamishiwa darasa la nne, kwa sababu "sasa ameiva". Hapo ndipo nilipoanza kuandika hotuba hii kichwani.

Kuna utafiti mmoja wa Marekani ninaoupenda, na nitausema kwa kifupi. Jimbo la Tennessee, kuanzia 1985, liliwagawa watoto zaidi ya 11,000 na walimu wao kwenye madarasa kwa bahati nasibu, kuanzia chekechea hadi la tatu. Miaka mingi baadaye wachumi wakawatafuta watoto wale kwenye kumbukumbu za kodi, wakiwa na miaka 27 hivi. Waliokuwa na mwalimu mzoefu chekechea, mwenye zaidi ya miaka kumi kazini, walikuwa wanapata kipato kikubwa zaidi. Cha ajabu ni kwamba faida za madarasa bora ya chekechea zilififia kwenye mitihani ya madarasa ya mbele, ungesema zimepotea, kisha zikaibuka kwenye mishahara. (Darasa walilolihesabu kubwa kwenye utafiti ule lilikuwa na watoto 22 hadi 25. Chekeni tu, nami nilicheka.)

Kwetu kiwango ni mwalimu mmoja kwa watoto 45, na mnajua wenyewe mlichonacho. Kipindi cha la kwanza ni dakika 30. Ukiwa na watoto 120, kila mtoto ana sekunde 15 za mwalimu wake. Ukisahihisha daftari moja kwa dakika moja, umemaliza saa mbili. Ndiyo maana nasema pale panahitaji fundi. Darasa la saba mtoto anaweza kujisomea, anaweza kufundishwa na mwenzake, kuna masomo ya ziada jioni na kambi. Darasa la kwanza mtoto hana msaada mwingine wowote isipokuwa yule mtu aliyeshika chaki.

Na awepo. Hapa naomba walimu wenzangu tusitazamane vibaya. Utafiti wa Benki ya Dunia kwenye nchi saba za Afrika, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo, ulikuta watoto wa shule za msingi wanafundishwa chini ya saa tatu kwa siku, karibu nusu ya muda uliopangwa. Karibu nusu ya walimu ambao hawakuwa darasani walikuwa shuleni: ofisini, kwenye kikao, wanajaza takwimu za halmashauri, wanapokea wageni kama mimi. Utafiti huo huo ulikuta karibu theluthi moja ya walimu wa hisabati hawamudu vya kutosha hata hisabati ya madarasa ya chini. Sisemi hili kuwaaibisha. Mwalimu ambaye mwenyewe alifundishwa kwa "kosa, nani mwingine" atatoa wapi vijiti?

Mheshimiwa, utaniuliza: basi tufanye nini, tuongeze fedha? Hilo limejaribiwa hapa hapa nchini. Mwaka 2013 na 2014, mpango wa KiuFunza ulichukua shule 350. Nyingine zilipewa ruzuku ya fedha, nyingine walimu wa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa bakshishi kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la KKK, nyingine vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuongeza kujifunza. Vitabu vilinunuliwa, chaki zilikuwepo, watoto walibaki walipokuwa. Palipokuwa na ruzuku pamoja na bakshishi ndipo watoto walipopanda. Mimi si shabiki mkubwa wa kumlipa mwalimu kwa kichwa cha mtoto, naona hatari zake. Lakini nalisoma tokeo lile hivi: vifaa havifundishi mpaka kuna mtu anayejali mtoto yupi amesoma na yupi hajasoma.

Majirani zetu Kenya walipita njia nyingine kuanzia 2015, kwenye mpango wao wa Tusome. Kila mtoto kitabu chake, mwalimu mwongozo wa somo la kila siku, na mshauri wa elimu wa eneo anakaa darasani, anawasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha anakaa na mwalimu. Anashauri, hakemei. Watoto wengi zaidi walisoma. Kwetu tuna MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, na jumuiya za kujifunza za walimu ziko kwenye shule zenu, angalau kwenye karatasi. Maafisa elimu kata, pikipiki mlizopewa ni kwa ajili hiyo. Nimeona mihtasari ya jumuiya hizo ambayo ajenda ni michango ya misiba na sare za mwenge. Ingizeni ile 42 kutoa 17. Saa moja, swali moja, walimu wote.

Nije kwa walimu wakuu, maana nawaona mmeshaanza kunong'ona. Najua hoja yenu na ni ya kweli: mwalimu mkuu anapimwa kwa la saba. Shule ikishika mkia, anaitwa ajieleze, na wapo waliovuliwa vyeo. Hajawahi kuitwa mtu wilayani kwa sababu ya darasa la kwanza. Kwa hiyo mnapompa la saba mwalimu wenu bora mnafanya jambo la akili, kwa mfumo ulivyo. Lawama hiyo basi naipeleka meza kuu.

Ndugu Afisa Elimu, ukienda shuleni, kabla hujauliza wastani wa la saba, omba watoto kumi wa darasa la pili, uchague wewe, wasichaguliwe. Chukua kifungu ambacho hakiko kwenye kitabu chao, hata cha gazeti kilichorahisishwa. Andika wangapi wamesoma. Namba hiyo ibandikwe ubaoni ofisini kwako pamoja na ile ya la saba, kwa kila shule, kwa jina. Nakuhakikishia Januari inayofuata orodha ya nani anafundisha wapi itabadilika bila waraka.

Na muda tulionao umepungua. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inaifanya elimu ya msingi kuwa miaka 6 badala ya 7. Mtoto aliyeharibikiwa la kwanza tulikuwa tunamkimbiza kambini la saba. Mwaka huo wa kumkimbiza hautakuwepo.

Wenyeviti wa kamati na wazazi, mna michango yenu ya uji na mlinzi. Mwalimu wa la kwanza naye apewe chumba cha karibu, asitembee kilomita sita asubuhi. Palipo na watoto zaidi ya mia, mwombeni mwalimu mkuu awape walimu wawili, hata kama la sita litabaki na vipindi vilivyounganishwa. Na mtoto wako akija na daftari lina alama za vema tupu, usifurahi haraka. Mfunikie ukurasa, umwachie neno moja.

Naomba niishie hapo. Mwalimu wa kule nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja la saba, nadhani aanze yeye.